Muhuri Hauishi Zaidi ya Wino Wake

Ijumaa hii tumeonelea tuyaweke kando kwa muda mambo makubwa tuliyozoea kuyazungumza katika ukurasa huu, tukizungumzie kitu kidogo kinachokaa juu ya meza ya kila ofisi ya kijiji, kila chama cha msingi cha wakulima na kila msikiti wenye kitabu cha ndoa, na ambacho hakuna anayekitazama mara mbili. Nacho ni pedi ya wino wa muhuri. Wako watakaocheka kwamba tumekosa la kuandika. Nasi tulikuwa miongoni mwa wenye kucheka, mpaka tulipofika Nanganga.

Yapo maeneo ambayo msafiri huyapita akiwa usingizini, na Nanganga, kwa wengi waendao kusini, ni mojawapo. Ni pale ambapo barabara kuu itokayo Mingoyo kuelekea Ndanda na Masasi huachana na ile iendayo Ruangwa na Nachingwea. Hata hivyo, kwa mkazi wa huko njia panda ile ndiyo mlango wa kila safari ya kufuata haki. Mwenye shauri la ardhi hupita hapo, mwenye madai ya korosho au ufuta hupita hapo, na mwenye mirathi kadhalika.

Tulikuwa tumealikwa kwenye walima. Baada ya swala ya Ijumaa tuliketi barazani pamoja na sheikh aliyetukaribisha, ambaye ndiye anayeandikisha ndoa za Waislamu wa sehemu ile. Hatukukaa sana akaja mama mmoja mtu mzima, mkononi ameshika fremu ya picha iliyofungwa kwa kanga.

"Shikamoo mama," sheikh alimwamkia.

"Marahaba, baba. Hii nayo wameikataa."

Ndani ya fremu hamkuwa na picha. Mlikuwa na shahada yake ya ndoa. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, naye alikuwa akienda na kurudi kwenye ofisi moja kuhusu mirathi ya marehemu. Safari ile ilikuwa ya nne. Aliambiwa kuwa muhuri hauonekani, na shahada isiyo na muhuri ni karatasi kama karatasi nyingine. Tuliipokea tukaitazama. Majina yalisomeka kwa taabu, saini ya aliyefungisha ndoa ilikuwepo, lakini mahali pa muhuri palibaki duara hafifu, mfano wa doa la zambarau kwenye kanzu iliyofuliwa mara nyingi.

Sheikh hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na kitabu cha ndoa cha miaka ile kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, akakifunua hadi kwenye nakala ya shahada ile ile. Muhuri ulikuwa umeiva rangi kana kwamba uligongwa juzi, na kila herufi yake ilisomeka. Ulikuwa ni muhuri huo huo, uliogongwa siku hiyo hiyo, kwa mkono ule ule na kwa pedi ile ile. Tofauti ilikuwa moja tu. Karatasi moja iliishi gizani, na ya pili ilitundikwa ukutani mkabala wa mlango kwa miaka 19, ikilipokea jua la kila asubuhi. Mama yule aliitundika kwa mapenzi na kwa kuienzi ndoa yake. Kule kuienzi ndiko kulikoifuta.

Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza wenye steshenari, makarani wa vyama vya ushirika, walimu wa madrasa na watengenezaji wa kadi, na tukisoma tulichoweza kukipata. Tuliyoyapata ndiyo haya tunayoyaleta mbele ya msomaji.

MUHURI KATIKA HISTORIA YETU

Muhuri si jambo geni kwa Waislamu. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), katika Sahih al-Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia Warumi aliambiwa kuwa watu wale hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Ndipo akachukua pete ya fedha iliyochorwa jina lake na utume wake katika mistari mitatu, na akawakataza watu wengine wasichore mchoro kama ule. Pete ile iliendelea kushikwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman (R.A.), hadi ilipodondoka katika kisima cha Aris mjini Madina. Ikatafutwa siku tatu isipatikane.

Tunamwomba msomaji aangalie jinsi jambo lilivyokwenda. Warumi hawakulaumiwa kwa kutaka muhuri, bali utaratibu wao wenye manufaa ulichukuliwa. Lile katazo la kunakili mchoro nalo ni kinga dhidi ya kughushi, kabla hata dola haijawa na makarani wa kutosha. Wanahistoria wanasimulia pia kuwa katika zama za Muawiya mtu mmoja aliandikiwa barua apewe dirham laki moja, naye njiani akaifungua na kuzifanya laki mbili. Ilipogundulika, ikaanzishwa idara maalumu ya mihuri, Diwani al-Khatam, ambako barua za dola zilinakiliwa na kufungwa kabla hazijatoka.

Aidha, kila anayesoma Qur'ani anajua kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii vita wala ufalme. Inazungumzia deni, ikiagiza liandikwe, aitwe mwandishi mwadilifu na waletwe mashahidi. Nasi tunauliza: je, maandishi yasiyosomeka siku ya kudaiwa yamemsaidia nani?

Katika zama zile za kale muhuri aghalabu ulikandamizwa juu ya udongo au nta, na alama yake ilikuwa umbo. Hata rangi ikipotea, kidole kingeweza kulipapasa umbo lile. Mihuri yetu ya leo ni ya mpira. Iliwezekana baada ya Mmarekani Charles Goodyear kupata hataza mwaka 1844 ya kuupika mpira pamoja na salfa ili usinate wala usipasuke, na mihuri ya mpira ikaenea katika nusu ya pili ya karne ile. Muhuri wa mpira hauachi umbo lolote kwenye karatasi. Unachoacha ni wino mtupu. Kwa hiyo wino ukiondoka, muhuri wote umeondoka, hata kama ule wenye mpini bado uko salama kabatini.

WINO SI MMOJA

Ukiingia katika steshenari nyingi za mjini na kuomba pedi ya muhuri, utaulizwa swali moja tu, nalo ni la rangi: zambarau, bluu, nyeusi au nyekundu? Swali hilo ni la lazima lakini halitoshi, kwa maana lililo kubwa zaidi ni jinsi rangi ile ilivyoshikana na maji au mafuta yaliyoibeba.

Aina ya kwanza, na ndiyo iliyoenea zaidi katika ofisi zetu, ni wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa katika maji kama sukari katika chai. Huu hunywewa na karatasi mara moja na hukauka upesi, kwa hiyo karani mwenye foleni ya watu 50 anaupenda. Kasoro zake ni mbili, nazo ni mwanga na maji. Jua huipausha rangi yake, na tone la mvua huifanya itawanyike.

Rangi ya zambarau ya ofisini ina kisa chake, na tunaomba radhi kwa kutoka nje ya njia kidogo. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 jijini London, William Perkin, alikuwa akihangaika kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa kutumia kemikali zitokanazo na lami ya makaa ya mawe. Dawa hakuipata. Alipata rangi ya zambarau, ya kwanza ya kutengenezwa kiwandani kwa njia hiyo, na haikupita miaka mingi zikafuata nyingine, ikiwemo ile iliyotengenezwa mwaka 1861 na Mfaransa Charles Lauth, ambayo ndiyo iliyokuja kutawala katika wino wa mihuri na penseli za kopi. Ndugu yake wa karibu katika ukoo wa rangi hizo ni ile GV ambayo mama zetu walitupaka mdomoni tulipokuwa na utando mweupe wa utotoni. Rangi hizi zina nguvu ya ajabu, tone moja huchafua ndoo nzima. Hata hivyo, hazilistahimili jua. Ukiona muhuri wa zambarau umebaki kivuli, usiseme karani alikuwa mvivu. Yamkini aligonga vizuri kabisa, na jua likafanya kazi yake.

Aina ya pili ni wino wa chembe. Humu rangi haikuyeyuka. Imesagwa ikawa vumbi laini linaloelea, na ukigonga, chembe hizo hubaki juu ya karatasi na kujishika kwenye nyuzi zake. Wino huu huchelewa kukauka, na pedi yake ni ghali zaidi, lakini huvumilia mwanga kwa miaka mingi. Walio imara kupita wote ni ule mweusi wa kaboni, ambayo kwa lugha ya jikoni ni masizi. Wahenga wa pwani yetu walilijua hilo bila maabara. Misahafu iliyoandikwa kwa mkono huko Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19 ingalipo na inasomeka hadi leo, na weusi wa maandishi ya wino wa masizi haupaushwi na mwanga.

Upande wa pili tunao mfano wa wino uliotengenezwa makusudi uondoke. Anayeandika kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe anataka maandishi yake yayeyuke yakimwagiwa maji, ili yanywewe. Hatuingii hapa katika hukumu ya kombe, wanazuoni wana maneno yao. Tunachosema ni kwamba mwandishi wa kombe anajua kwa nini amechagua zafarani, ilhali wengi wetu tunagonga muhuri wa shahada ya ndoa kwa wino wenye tabia ya kombe, na wala hatujui.

Iko pia aina ya tatu, wino wa mafuta, ambao hauogopi maji lakini huchukua muda kukauka. Wino huu hutumika sana katika mihuri ambayo wino umejazwa ndani ya mpira wake wenye vitundu. Na kuna wino wa kiyeyusho kinachoruka upesi kama spiriti, ufaao kwa plastiki, bati na kioo, mahali ambapo wino wa maji ungefutika kwa kidole. Huo wa mwisho una harufu kali, hukausha pedi upesi usipofunikwa, na huweza kuiharibu baadhi ya mihuri, hasa ile laini inayopitisha mwanga. Asiyekuwa na haja ya kugonga juu ya plastiki asiununue.

Vipi utajua umeuziwa nini? Soma ubavuni mwa kasha, na usiridhike na hapo. Chukua karatasi nyeupe, gonga muhuri mara tatu. Alama ya kwanza idondoshee tone la maji baada ya saa moja. Wino mweusi ukitawanyika ukatoa pindo la bluu au la zambarau, basi huo ni wa rangi iliyoyeyuka, si wa kaboni, hata kama muuzaji ameapa. Alama ya pili ifunike nusu yake kwa kipande cha boksi na uiweke dirishani penye jua mwezi mzima, kisha linganisha. Ya tatu iweke ndani ya kitabu iwe shahidi wa hizo mbili. Jaribio hili halihitaji fedha, na jua la Ruangwa mwezi Oktoba ni maabara tosha.

KARATASI ZA MKULIMA

Katika wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, mazao ya wakulima yanapitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI na vyama vya msingi vilivyo chini yake, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ambao sheria yake ilitungwa mwaka 2005. Mkulima hupeleka korosho au ufuta wake, zinapimwa, naye huondoka na karatasi. Kuanzia saa ile mpaka malipo yafike, mali yake yote ya mwaka imo katika karatasi ile. Msimu wa korosho nao huanza mwishoni mwa kiangazi na kukutana na mvua za Desemba, na karatasi hukaa mfuko wa shati chenye jasho, kisha chini ya godoro, kisha ndani ya bati linalochemka.

Kwa karatasi ya namna hiyo, maji ni adui mkubwa kuliko mwanga. Hivyo basi, tunashauri makarani wa maghala wachague wino usiotawanyika kwa maji, nao wakulima wakitoka hapo wakatoe fotokopi siku ile ile. Mashine nyingi za fotokopi hutumia unga mweusi unaoyeyushwa kwa moto juu ya karatasi, nao hauhofii tone la mvua wala haupauki. Kadhalika zile risiti nyembamba za mashine za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, hazina wino kabisa. Karatasi yake ndiyo inayogeuka nyeusi kwa joto, na maandishi hufifia kwa mwanga na kwa mafuta ya mikono. Anayeitunza kama ushahidi bila kuitolea kopi anatunza karatasi ambayo itarudi kuwa nyeupe. Na wale wanaofunika vyeti kwa plastiki ya moto tunawaomba wafunike kopi, si cheti chenyewe. Plastiki ile haiondoki tena bila kuirarua karatasi, na wala haiuzuii mwanga kuifikia rangi.

Jambo la kidole gumba nalo linahitaji kauli. Wazee wetu wengi, na si wazee peke yao, huweka dole badala ya saini. Tumeona karani akikishika kidole cha mtu, akakididimiza katika pedi iliyolowa chepechepe, kisha akakibandika kwenye karatasi kama anayebandika plasta. Kinachopatikana ni doa. Matuta ya ngozi yamezama ndani ya wino, na doa halimtambulishi yeyote. Njia sahihi ni kukifuta kidole kwanza kwa kitambaa kikavu, kukigusisha pedi nyeusi isiyojaa sana, kisha kukibiringisha mara moja juu ya karatasi kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili, bila kurudi.

Kusini kuna tatizo la ziada. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na kina mama wanaobangua kwa mkono miaka mingi vidole vyao hulainika hadi matuta yakapotea. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, wenye vidole vya namna hiyo wanajua adha ya mashine kuwakataa. Kwa wino ni hivyo hivyo. Mtu wa namna hiyo achaguliwe kidole kilichosalimika, kiandikwe pembeni ni kidole gani na cha mkono upi, na shahidi aandike jina lake. Asifedheheshwe mbele ya watu kwa kuambiwa hana alama. Alama zake zimekwenda na kazi ya kuwalisha wanawe.

KADI ZA IDDI

Hapo Nanganga tuliwakuta pia wasichana wa madrasa wanaotengeneza kadi za Iddi na za mwaliko wa harusi. Mihuri wanachonga wenyewe kwa soli za ndala zilizokwisha, kwa wembe, maua na mwezi mwandamo na maneno machache. Aliyewahi kuchonga herufi za Kiarabu anajua kazi yake. Sharti uzigeuze kama zinavyoonekana kwenye kioo, na nukta moja ikikaa upande usio wake, neno limebadilika. Walitushangaza kwa umahiri wao. Mmoja wao alitueleza kuwa huandika kwanza kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, huilaza kifudifudi juu ya ndala na kuisugua kwa kijiko, na maandishi huhamia yakiwa yamegeuka tayari.

Masikitiko yao yalikuwa wino. Mwaka mmoja walichanga fedha wakaagiza pedi ya rangi ya dhahabu na kadi ngumu za kung'aa. Waligonga usiku kucha, wakazipanga kadi moja juu ya nyingine, na asubuhi kila kadi ilikuwa imegongwa tena mgongoni na mwenzake. Rangi ya dhahabu ni wino wa chembe, na karatasi ya kung'aa haina vinyweleo vya kuunywa. Wino hubaki juu kama samli juu ya sahani. Huko ughaibuni mafundi wa kadi huunyunyizia unga maalumu ukiwa bado mbichi na kuupitishia hewa ya moto, ukayeyuka na kuganda ukiwa umevimba kidogo, mzuri wa kutazama. Asiye na unga huo na agonge dhahabu yake juu ya karatasi ya manila isiyong'aa, azitandaze kadi mkekani zisigusane, na azipe siku nzima au zaidi kabla ya kuzipanga.

Kwa kadi, hatuoni ubaya wa wino wa maji ulio rahisi. Kadi ya Iddi inaishi mwezi mmoja, pengine miwili, na rangi zake huchangamka zaidi kuliko za chembe, hasa nyekundu na kijani. Karatasi nyepesi ya daftari ndiyo ya kuepukwa, kwani wino husambaa pembeni kama maji kwenye mchanga, na maua yote huwa na manyoya. Wasichana wale tuliwashauri pia wasiudidimize muhuri katika pedi. Wauguse kwa kuudonyoa donyoa mpaka uso wote ung'ae sawasawa, waweke magazeti machache chini ya kadi ili pawe laini, kisha wagandamize wima bila kuuyumbisha. Tena kwenye kadi zitakazoishia jalalani tuliwaomba waandike salamu na dua kwa Kiswahili, na jina la Mwenyezi Mungu waliwekee karatasi zinazotunzwa.

Kuhusu utunzaji tutasema machache. Pedi ikipauka, mtu asiimwagie maji ya bomba, maana rangi itazimuliwa na baada ya siku chache pedi itaota ukungu. Wala asiitie spiriti, mafuta ya taa au wino wa kalamu. Inunuliwe chupa ya wino wa aina ile ile, idondoshwe kidogo kidogo uso mzima jioni, na pedi ifunikwe hadi asubuhi. Ile mihuri ya kubonyeza inayojipaka wino yenyewe hutumia wino wa maji, na ina kipande chake cha pedi kinachotoka kwa kusukumwa. Ukiitia wino wa mafuta umeiharibu. Muhuri wenyewe usafishwe kwa kitambaa chenye unyevu na mswaki mkuukuu, kamwe si kwa petroli au mafuta ya taa, kwani mpira wa asili huvimba ukiyanywa na herufi hupoteza kingo zake. Pedi ya kawaida ikilazwa kifudifudi kivulini, mfuniko ukiwa umebana, wino hubaki karibu na uso wake. Tuliiona ya ofisi fulani ikiwa wazi juu ya dirisha, kuku akiitazama.

Turudi kwa mama yetu. Siku ile sheikh alimwandikia nakala kutoka kitabuni, akaithibitisha kwa saini na muhuri, na miezi miwili baadaye alitupigia simu kwamba imekubaliwa na mirathi imeanza kugawanywa. Mama ameiweka katika bahasha, ndani ya sanduku, chini ya nguo. Fremu amemtilia picha ya mjukuu wake. Sheikh naye alifanya lile jaribio la dirishani kwa pedi zake mbili. Nyeusi aliyoinunua Masasi haikubadilika kwa tone la maji wala kwa jua, naye sasa hagongei kitu kingine kitabu cha ndoa. Ile ya zambarau iliyobaki amewapa wasichana wa madrasa, na wameshaanza kuigongea kadi za Iddi ijayo.